Baka Lisilowasha: Tujifunze Kuisoma Ngozi Yetu

Ngozi ndiyo nguo ya kwanza aliyovikwa mwanadamu, nayo ni nguo asiyoweza kuivua. Huukinga mwili na jua, baridi, vumbi na vijidudu. Tena ngozi haijui kunyamaza. Ikipatwa na jambo lolote husema: huwasha, huvimba, hubadili rangi, hupasuka, au hupoteza uwezo wa kuhisi. Mwenye kuielewa lugha hiyo huweza kuokoa mkono, jicho, hata uhai wa mtu wa nyumbani mwake.

Hapa Lubumbashi kila mzazi amekwisha kuona magonjwa ya ngozi. Katika mitaa ya Katuba, Kenya, Kamalondo, Ruashi na Kampemba watoto hucheza pamoja, hulala pamoja, huazimana nguo na vitana, na kila kiangazi hurudi nyumbani wamejaa vumbi jekundu. Mtoto akijikuna usiku kucha, mama hapati usingizi. Asubuhi huenda kununua pomadi. Lakini mtoto huyo huyo akitokewa na baka dogo mgongoni, lisilowasha wala kuuma, husemwa: «Halimsumbui, tuliache.» Mwaka hupita, na mwaka wa pili nao hupita.

Basi neno tunalotaka kuwaambia wasomaji wetu leo ni hili: linalowasha husumbua, ila kwa kawaida halilemazi, lisilowasha wala kuuma ndilo la kuchunguzwa kwanza. Tutayagawa magonjwa ya ngozi katika mafungu matatu: yanayowasha, yasiyouma, na yanayokuja pamoja na homa. Anayeyashika mafungu hayo matatu atajua lini angoje, lini aende kwenye kituo cha afya, na lini aende mbio.

TAZAMENI KWA MACHO, GUSENI KWA MKONO

Vitabu vingi vya uganga viliandikwa Ulaya, na picha zake ni za watu weupe. Humo twasoma kwamba ngozi yenye ugonjwa «huwa nyekundu». Juu ya ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kwa shida. Mahali palipowaka huweza kuwa peusi zaidi, au pa kahawia, au pa rangi ya zambarau. Kwa hiyo macho peke yake hayatoshi. Mzazi na apitishe mgongo wa mkono wake juu ya ngozi ya mtoto: Je, pana joto kuliko penginepo? Pamevimba? Pamekuwa pagumu? Pana magamba? Na mtoto mwenyewe anahisi anapoguswa?

Tena mtoto atazamwe mahali penye mwanga wa mchana, wala si chini ya taa hafifu, naye avuliwe nguo. Mabaka mengi hujificha mgongoni na matakoni, mahali ambapo mwenyewe haoni. Siku ya kumwogesha mtoto ndiyo siku nzuri ya kumkagua. Mtu mzima naye asione aibu kumwomba mwenzi wake amtazame mgongo.

FUNGU LA KWANZA: YANAYOWASHA

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako, na msemo huo waweza kuwa ulitungwa kwa ajili ya upele. Upele huletwa na mdudu mdogo mno, asiyeonekana vema kwa macho, achimbaye njia chini ya ngozi na kutaga mayai humo. Hupenda vidole kwa katikati, vifundo vya mikono, kiuno, makwapa, matiti na sehemu za siri. Kwa watoto wachanga huonekana hata kwenye nyayo, viganja na kichwani. Alama yake kubwa ni mbili: kuwasha huzidi usiku, na watu zaidi ya mmoja nyumbani hujikuna.

Katika miezi ya baridi ya Juni na Julai, jamaa wanapojikunyata chini ya blanketi moja, mdudu huyo hupata njia ya kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Hii si dalili ya uchafu wala ya uvivu wa mama. Hata nyumba safi hupata upele. Mtu aliyeambukizwa mara ya kwanza huweza kukaa wiki 4 hadi 6 bila kujikuna, naye huku anawaambukiza wenzake.

Hapo ndipo jamaa nyingi hukosea. Hupaka dawa kwa yule anayejikuna tu, na baada ya wiki chache upele hurudi, nao husema dawa ilikuwa mbovu. La! Watu wote wa nyumba hiyo, wanaojikuna na wasiojikuna, wapakwe dawa siku moja, mwili mzima tangu shingoni hadi unyayoni, pamoja na chini ya kucha. Watoto wachanga hupakwa na kichwani pia, lakini dawa yao na kipimo chake vichaguliwe na mwuguzi. Dawa zitumikazo sana ni perimetrini na benzili benzoati. Siku hiyohiyo nguo na mashuka yafuliwe kwa maji ya moto na kuanikwa juani. Kisichofulika kifungwe ndani ya mfuko kwa siku kadhaa, kwa maana mdudu huyo hawezi kuishi zaidi ya siku mbili au tatu nje ya mwili wa mtu. Kuwasha huweza kuendelea wiki 2 hata 4 baada ya wadudu kufa. Msiogope, wala msirudie kupaka dawa kila siku.

Lakini upele ukikunwa sana hupasuka, na vijidudu vingine huingia. Mkiona usaha, maganda ya rangi ya asali, au uvimbe wenye joto, mtoto apelekwe kutibiwa. Na ikiwa baadaye uso wake umevimba asubuhi, au mkojo wake umekuwa mwekundu au mweusi kama chai kali, apelekwe siku hiyohiyo, kwa kuwa vidonda vya ngozi huweza kudhuru figo.

Choa ni ugonjwa wa pili. Huletwa na ukungu, nao huchora duara: ukingo wake umeinuka na una magamba, katikati yake pana nafuu. Ukiwa kwenye ngozi tupu hupona kwa dawa ya kupaka, mradi upakwe kwa wiki kadhaa, hata baada ya alama kuanza kufifia. Ukiwa kichwani, ambapo watu huuita mapunye, nywele hukatika na kuacha viraka. Hapo dawa ya kupaka haitoshi, maana ukungu umeingia katika mizizi ya nywele. Mtoto hupewa dawa ya kumeza kwa wiki nyingi, kwa agizo la mganga. Nanyi wanafunzi, msiazimane vitana wala kofia, na kinyozi aombwe kusafisha mashine yake kabla ya kuigusa shingo yenu.

Tena kuna ngozi kavu ya tangu utotoni, ile ambayo wengine huiita pumu ya ngozi. Huwasha katika mikunjo ya viwiko na magoti, na huzidi kiangazi, wakati hewa ya nyanda zetu hizi, zilizoinuka kama mita 1,200 juu ya bahari, inapokauka. Haiambukizi hata kidogo. Mtoto aogeshwe kwa maji ya uvuguvugu, kwa sabuni kidogo isiyo kali, naye apakwe mafuta mara tu baada ya kuoga, ngozi ingali na unyevu.

Katika mji wa shaba na kobalti hatuna budi kuwataja pia wafanyakazi. Kobalti, saruji na mafuta ya mitambo huweza kuichokoza ngozi ya mikono hata ikapasuka na kuwasha. Mtu akiona kwamba mikono yake hupata nafuu siku za mapumziko na kuharibika tena arudipo kazini, amekwisha kuupata ushahidi. Amwambie mganga kazi anayoifanya, maana dawa bila kinga ni kumwaga maji katika kapu.

FUNGU LA PILI: YASIYOUMA

Sasa tufike kwenye kiini cha maneno yetu.

Si kila baka la rangi hafifu ni ugonjwa wa hatari. Kuna mabaka madogo mengi ya kifuani na mgongoni, yenye ungaunga laini yakikwaruzwa. Hayo huletwa na ukungu, hupatikana sana wakati wa joto, na hutibika kwa dawa ya kupaka. Kuna mbalanga, ambayo huifanya ngozi kuwa nyeupe kabisa kama chaki, pengine pamoja na nywele za mahali hapo. Haiambukizi, na mtu anahisi vizuri anapoguswa. Kuna pia mabaka hafifu ya mashavuni mwa watoto wenye ngozi kavu. Basi tutayatambuaje mabaka ya ukoma?

Baka la ukoma huwa hafifu kuliko ngozi iliyolizunguka, au huelekea wekundu wa shaba. Haliwashi. Mara nyingi halitoi jasho, na vinyweleo vyake hupungua. Na alama yake kuu ni ganzi. Jaribio lake ni jepesi, hata mwanafunzi aweza kulielewa. Mgonjwa huonyeshwa kwanza jinsi atakavyoguswa kwa uzi wa pamba, kisha hufumba macho na kuonyesha kwa kidole mahali anapoguswa. Akionyesha kila mahali penye afya, lakini akakaa kimya pamba inapogusa baka, basi asingoje hata wiki. Aende kwenye kituo cha afya. Msitumie sindano wala kaa la moto kumjaribu mtu, maana mtamwumiza asijue.

Ukoma huweza kujionyesha bila mabaka pia: ndewe za masikio hunenepa, nyusi hunyonyoka, vinundu hutokea usoni, vidole vya mkono hulegea, kandambili huvuka mguuni bila mwenyewe kujua, au kidonda hutokea unyayoni pasipo maumivu. Mama anayeinua sufuria ya bukari kutoka motoni na kuona lengelenge kiganjani bila kusikia moto, huyo ameonywa.

Wasomaji wetu wanamfahamu Mtakatifu Damiano wa Molokai. Alizaliwa mwaka 1840 huko Tremelo, Ubelgiji, akafika katika kisiwa cha Molokai mwaka 1873 kuwahudumia wakoma waliotengwa huko. Mwezi wa Desemba mwaka 1884 alitia mguu wake katika maji ya moto sana, nao ukaungua; lakini yeye hakusikia maumivu yoyote. Hivyo alijua kwamba naye ameshikwa. Alikufa mwaka 1889, na Papa Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa mtakatifu mwaka 2009. Siku zake haikuwapo dawa ya kumponya. Katika mwaka uleule wa 1873 alipofika Molokai, mganga Hansen wa Norway alikigundua kijidudu cha ukoma, na hivyo ilianza kuonekana kwamba ugonjwa huo si laana wala urithi wa damu. Lakini dawa ya kwanza yenye nguvu haikupatikana mpaka miaka ya 1940.

Sisi tunaishi katika wakati mwingine. Tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Ulimwenguni limeagiza dawa kadhaa zitumike pamoja, nazo huponya ukoma. Mwenye mabaka machache hutibiwa miezi 6, mwenye mengi miezi 12. Sehemu ya dawa humezwa mara moja kwa mwezi mbele ya mwuguzi, nyingine humezwa nyumbani kila siku. Tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote. Haziuzwi sokoni wala katika farmasi. Mgonjwa ajue mapema kwamba mkojo wake utakuwa mwekundu siku anayomeza moja ya dawa hizo, na kwamba nyingine huweza kuifanya ngozi yake kuwa nyeusi zaidi kwa muda. Hayo si madhara ya kuogopesha, na hayampi sababu ya kuacha dawa. Lakini mabaka yakivimba ghafla, au mshipa wa kiwiko ukiuma, au jicho likiuma, arudi upesi bila kungoja siku ya miadi, ili mishipa ya fahamu isiharibike. Dawa zake asiziache.

Wala watu wasimkimbie. Ukoma hauambukizwi kwa kupeana mkono, wala kwa kuketi benchi moja kanisani, wala kwa kula pamoja. Huhitaji kukaa karibu kwa muda mrefu na mgonjwa asiyetibiwa, na watu walio wengi wana nguvu ya asili ya kuushinda. Mgonjwa aliyeanza dawa huacha upesi kuwaambukiza wengine. Lakini kwa kuwa ugonjwa huu hukua polepole, kwa wastani miaka 5 na pengine 20 au zaidi, yafaa watu wote wa nyumba yake wakaguliwe.

Je, ukoma ungali upo? Upo. Katika mwaka 2023 wagonjwa wapya zaidi ya 180,000 waliandikwa duniani, na Kongo yetu ni mojawapo ya nchi za Afrika zinazopata wagonjwa wapya wengi. Wengine huja wakiwa na vidole vilivyokwisha kupinda. Dawa huua vijidudu, lakini haiwezi kurudisha mshipa uliokwisha kufa. Tofauti kati ya mtu aliyepona na mikono yake mizima, na mtu aliyepona akiwa kilema, mara nyingi ni ile miezi au miaka aliyokaa akilificha baka lake.

Na kwa nini hulificha? Kwa hofu ya watu. Wengine wamesikia Kitabu cha Walawi kikisomwa, jinsi mwenye ukoma alivyotolewa nje ya kambi, nao hudhani Mungu mwenyewe amemtenga. Lakini wataalamu wa Maandiko wanaeleza kwamba neno lile la kale lilitaja magonjwa mengi ya ngozi, hata ukungu wa nguo na wa kuta za nyumba. Tena twajua jinsi Bwana wetu alivyofanya alipojiwa na mwenye ukoma: alinyosha mkono, akamgusa. Mkristo anayemcheka mgonjwa mtaani anamsukuma arudi mafichoni, na huko mafichoni ndiko ulema unakotengenezwa. Mficha maradhi kilio humuumbua.

Ukoma si ugonjwa pekee usiouma. Kuna kidonda cha Buruli, kilichopewa jina la nchi ya Buruli huko Uganda, nacho kimo pia katika Kongo, hasa upande wa Kongo ya Kati. Huanza kama kinundu kigumu au uvimbe chini ya ngozi, mara nyingi mkononi au mguuni, usio na maumivu. Kisha hupasuka na kula nyama kwa upana. Kikikamatwa mapema hutibiwa kwa dawa za kumeza kwa wiki 8. Kikicheleweshwa huhitaji kisu cha mganga.

Kuna na doa jeusi la unyayoni au chini ya ukucha. Watu husema saratani ya ngozi ni ugonjwa wa Wazungu. Ni kweli kwamba ngozi nyeusi hukingwa vizuri na jua, lakini unyayo, kiganja na ukucha havina kinga hiyo, na saratani ya huko haitegemei jua. Mwimbaji Bob Marley wa Jamaika alikufa mwaka 1981, akiwa na miaka 36, kwa saratani iliyoanza chini ya ukucha wa kidole cha mguu. Doa jipya linalopanuka, lenye rangi zisizolingana, mstari mweusi wa ukucha unaozidi kunenepa, au kidonda chochote kisichofunga kwa mwezi mzima, vionyeshwe kwa mganga. Nao ndugu zetu wenye ualbino hawana kinga hiyo mwili mzima: wavae kofia pana na mikono mirefu tangu utotoni, wakae darasani mbali na dirisha lenye jua, na kila kidonda au gamba lisilopona likaguliwe bila kukawia.

FUNGU LA TATU: YANAYOKUJA NA HOMA

Vipele vikija pamoja na homa, msiangalie ngozi tu. Mwangalieni mtoto mzima.

Surua huanza kwa homa, kikohozi, mafua na macho mekundu. Baada ya siku chache vipele hutokea nyuma ya masikio na usoni, kisha hushuka mwilini. Juu ya ngozi nyeusi vipele hivyo huonekana kwa shida, bali mkono huvihisi kama mchanga. Katika Kongo surua iliua watu zaidi ya 6,000 katika mlipuko ulioanza mwaka 2019, wengi wao watoto wadogo. Kinga yake ni chanjo, ambayo hapa kwetu huanza mtoto akiwa na miezi 9. Mzazi aliyesahau na aende sasa, kadi ya mtoto mkononi.

Homa ya nyani ilitambuliwa kwa binadamu mara ya kwanza katika nchi yetu, jimbo la Équateur, mwaka 1970. Katika mwaka 2023 aina yake mpya ilionekana Kamituga, Kivu ya Kusini, ikaenea katika miji na nchi jirani, hata Shirika la Afya Ulimwenguni likatangaza hali ya hatari kuanzia Agosti 2024 hadi Septemba 2025. Kuondolewa kwa tangazo hilo si kuondolewa kwa ugonjwa. Dalili zake ni homa, kuvimba kwa tezi za shingo, kwapa au kinena, na vipele vinavyojaa maji kisha usaha, usoni, viganjani, nyayoni, kinywani au sehemu za siri. Mwenye dalili hizo alale peke yake, asiazime nguo wala kitanda, vipele vyake vifunikwe, na kituo cha afya kijulishwe.

Vipele vyenye maji vikijipanga kama mkanda upande mmoja tu wa mwili, pamoja na maumivu makali, ni mkanda wa jeshi. Aende mapema, na hasa kama viko karibu na jicho. Mganga akimshauri apimwe pia virusi vya ukimwi, asione ametukanwa. Kujua ni mwanzo wa kutibiwa.

Mwisho, mtu aliyemeza dawa mpya, kisha ngozi ikaanza kuuma na kufanya malengelenge, midomo ikachubuka na macho yakawaka, aiache dawa hiyo na akimbizwe hospitalini saa hiyohiyo, akiichukua pakiti yake. Hali hii huweza kuua.

POMADI ZA SOKONI

Wazazi, tazameni vizuri kikopo mnachokinunua. Katika masoko yetu huuzwa pomadi zinazosifiwa kuondoa kila alama na kung'arisha ngozi. Nyingi zina dawa kali za kutuliza uvimbe, ambazo zilikusudiwa kutumika kwa siku chache na kwa amri ya mganga. Ukizipaka juu ya choa, kuwasha hutulia na duara hufutika. Mnadhani mmepona, kumbe ukungu unaenea chini kwa chini, umepoteza sura yake, hata mwuguzi ashindwe kuutambua. Zikitumika kwa muda mrefu huifanya ngozi kuwa nyembamba kama karatasi, ikapasuka na kukataa kupona mahali iliposhonwa. Nyingine zina hidrokinoni, ambayo baadaye huweza kuacha madoa meusi mashavuni yasiyotoka. Nyingine zebaki, ambayo huingia mwilini na kudhuru figo, na kumfikia mtoto aliye tumboni. Rangi aliyotupa Muumba si doa la kuondolewa.

LINI TUNGOJE, LINI TUENDE?

Mkate makala hii mkaitundike ukutani, ikiwa mwaona yafaa.

Angoje, akijitunza nyumbani kwa wiki mbili: mwenye harara ya joto, ngozi kavu, au kuumwa na mdudu, ikiwa hana homa wala usaha.

Aende kwenye kituo cha afya wiki hii: mwenye kujikuna pamoja na watu wa nyumba yake, mwenye viraka vya kichwa, mwenye baka lisilohisi, mwenye kinundu kisichouma, mwenye doa jipya la unyayo au ukucha, mwenye kidonda kisichofunga, na yeyote ambaye dawa aliyopewa haikumletea nafuu. Wauguzi wa zoni ya afya wakishindwa watamwandikia barua ya kwenda kwenye hospitali kubwa, kama Sendwe au Kliniki za Chuo Kikuu cha Lubumbashi.

Akimbizwe leo, hata usiku: mtoto aliye chini ya miezi miwili mwenye malengelenge au usaha, mwenye vipele na homa kali, shingo ngumu, usingizi usio wa kawaida au kupumua kwa shida, mwenye madoa ya zambarau yasiyofifia yakibonyezwa, aliyevimba midomo na uso ghafla, mwenye uvimbe wa moto unaopanuka saa kwa saa, na aliyechubuka baada ya kumeza dawa.

Mkifika mbele ya mganga semeni kweli yote: ilianza lini, nani mwingine anayo nyumbani, na pomadi gani au majani gani mmekwisha kupaka. Yeye hakuketi pale kuhukumu, bali kuponya, wala hawezi kulisoma neno mnalolifunika kwa nguo.

Nanyi wanafunzi, ninyi mna macho makali na mioyo isiyo na aibu nyingi. Mkiona baka mgongoni mwa mdogo wenu siku ya kuoga, chukueni uzi wa pamba, mwambieni afumbe macho, mguseni polepole. Asipolihisi, mwambieni mama jioni hiyohiyo. Kwa uzi huo mmoja mwaweza kumwachia ndugu yenu mikono ya kuandikia, ya kulimia, na ya kuwabeba watoto wake.